Mkiombwa risiti mnasema faragha, mkitaka kura kamera mnaziita wenyewe

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyohivyo.

Nimemsikiliza kiongozi mmoja (simtaji, wako wengi na wanafanana) akiulizwa nani analipia nyumba anayoishi. Swali la mstari mmoja. Akanuna, akasema hayo ni mambo yake ya faragha na waandishi siku hizi hawana maadili. Huyu ndiye yuleyule aliyetuonyesha mke, watoto na meza ya chakula wakati wa kampeni, wapiga picha wamejaa sebuleni kwa mwaliko wake. Hivi hii ni faragha ya namna gani, mlango wazi msimu wa kura, komeo msimu wa hesabu?

Kilichonivuruga zaidi ni watu waliokimbilia kumtetea. "Mwacheni, hata yeye ni binadamu." Sawa, ni binadamu. Sasa sikilizeni.

Uingereza wabunge walikuwa na posho ya nyumba ya pili, kwa kuwa kazi inawataka wawe jimboni na wawe London. Hilo halina ubaya. Wananchi wakaomba kuona madai ya posho hizo kwa kutumia sheria ya uhuru wa taarifa. Bunge likapinga hadi Mahakama Kuu, likashindwa mwaka 2008. Juni 2009 likatoa nyaraka, na jamani, kurasa zilikuwa zimepakwa weusi kama sufuria ya kuni. Miongoni mwa vilivyofutwa ni anwani za nyumba. Kisa? Faragha na usalama wa waheshimiwa.

Ukisikia haraka unakubali, maana nani anataka anwani ya mtu ianikwe? Lakini ukiificha anwani huwezi kugundua kwamba mheshimiwa ameandikisha nyumba hii kuwa ya pili, ikishakarabatiwa kwa pesa ya umma anageuza, ile nyingine ndiyo inakuwa ya pili, nayo inaanza kudaiwa matengenezo. Mchezo wote ulikuwa umelala chini ya ule wino. Ulijulikana tu kwa sababu gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limepata nakala zisizofutwa na likaanza kuzichapa Mei, mwezi mmoja kabla. Spika Michael Martin, aliyekuwa mbele kuilinda siri hiyo, akang'oka, na baadhi ya wabunge wakaishia jela. Watu wanakumbuka kibanda cha bata cha pauni 1,645 ambacho mbunge mmoja alitaka kulipiwa na umma, na kwa kweli kinachekesha, ila dai lile lilikataliwa, hakuna aliyelilipa. Wizi wenyewe ulikuwa kwenye anwani.

Na ninyi wenye kalamu msianze kujipongeza, zamu yenu hii hapa.

Miaka miwili baadaye, nchi ileile, ikabainika kwamba gazeti la News of the World liliingilia ujumbe wa sauti kwenye simu ya binti wa miaka 13 aliyetoweka mwaka 2002 na baadaye kukutwa ameuawa. Wazazi wanamtafuta mtoto, gazeti linasikiliza simu yake! Mtoto wa miaka 13 ana posho gani ya kutolea maelezo? Julai 2011 gazeti likafungwa likiwa na miaka 168. Andy Coulson, aliyewahi kuwa mhariri wake, alitoka pale akaenda kuwa mkuu wa mawasiliano wa David Cameron, aliyekuja kuwa waziri mkuu, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa njama za kunasa ujumbe wa simu. Yaani dawati la udaku na ofisi ya waziri mkuu zilikuwa zinapeana watu.

Ndiyo maana siwaelewi mnaogawanyika kati ya "waandishi wabaya" na "wanasiasa wabaya". Hao wanakula sahani moja.

Kuna wanaosema ya chumbani hayatuhusu. Nakubali, na Mitterrand, aliyekuwa rais wa Ufaransa, ni mfano wenu mkubwa: alikuwa na binti nje ya ndoa, Ufaransa ikaja kusoma magazetini mwaka 1994. Hilo lilikuwa lake na familia yake. Ila binti na mama yake walikuwa wakiishi kwenye makazi ya serikali, na kitengo cha Ikulu kilinasa simu za waandishi na watu wengine kati ya 1983 na 1986, kuilinda siri hiyo kukiwa miongoni mwa sababu. Aliingia madarakani 1981 akiahidi kuwa taarifa za afya yake zitatolewa kila mara. Mwaka huohuo akagunduliwa saratani. Taarifa zikaendelea kutoka, safi kabisa, mgonjwa mzima wa afya, na wananchi hawakuambiwa mpaka 1992. Mapenzi ni yake. Nyumba ya serikali, mitambo ya kunasa simu na vyeti vya uongo vya daktari, hivyo navyo ni vya nani?

Turudi Uingereza nimalizie. Baada ya kashfa ya simu iliundwa tume chini ya Jaji Leveson, ikatoa ripoti ya kurasa karibu 2,000 mwaka 2012. Sehemu ya pili ilikuwa iangalie uhusiano wa magazeti na polisi, yaani nani alijua nini na kwa nini alinyamaza. Tulisubiri. Mwaka 2018 serikali ikaifuta, na magazeti mengi makubwa yakashangilia.