Mahindi ya nje: mbona hatuyaoni kwa jicho moja?

Mwanakitale: Wakuu, nisaidieni. Nalima mahindi huku Trans Nzoia, Kenya. Mwaka 2017, ukame ulipobana, serikali iliruhusu mahindi ya Mexico yaingie bila ushuru, na unga wa ruzuku ukauzwa shilingi 90 pakiti ya kilo mbili. Dada yangu wa Kayole, Nairobi, alishangilia, mimi nikanuna. Tumelelewa nyumba moja, hata kura twapiga upande mmoja. Ni tumbo tu linaloamua, ama kuna lingine?

Dalali_Namanga: Tumbo ni nusu tu, mkuu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yalikwama huku mpakani. Dereva mmoja alikaa juu ya magunia yake akiwalaani Wakenya wote, wala si waliotoa agizo. Katazo lililegezwa baada ya siku chache, yakaja masharti ya vyeti. Lakini taja sumukuvu hapa mpakani hadi leo, utaambiwa ni njama. Ubishi wa nchi na nchi ukishaingia, hakuna anayepiga hesabu tena.

MamaGitheri: Mimi wateja wangu hawajawahi kuuliza mahindi yametoka wapi. Wanauliza sahani ni ngapi.

Fundi_wa_Eldy: Mwanakitale, na mbolea ya DAP unayopandia? Si nayo imeshukia Mombasa kwa meli? Hiyo mbona huinunii?

Mwanakitale: Mbolea silimi, ndugu.