Kwa nini asasi za kiraia hustawi zaidi katika nchi fulani?

Mwanafunzi, Dodoma: Ndugu zangu, je, utajiri pekee ndio unaofanya asasi zisizolenga faida ziwe nyingi katika nchi moja na chache katika nyingine?

Mchangiaji wa Kondoa: Hapana, ndugu. Uholanzi ina sekta kubwa ya asasi hizo kwa sababu serikali, tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 1917, hugharimia shule za madhehebu, zinazoendeshwa na asasi hizo, sawa na shule za serikali yenyewe, ilhali Sweden, iliyo tajiri vilevile, hutoa huduma nyingi kupitia dola yenyewe, na vyama vyake hustawi zaidi katika michezo na utamaduni.

Mkazi wa Mvumi: Naafiki, ila tusisahau historia. Hospitali yetu ya Kanisa Anglikana ilitangulia kwa miaka mingi Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania ya mwaka 2002; yaani asasi kama hizi zilikuwapo kabla ya sheria hiyo.