Mrejesho: kuweka alama kwenye picha ndani ya kamera

Niliuliza kama kuchagua picha kunaweza kuanzia kwenye kamera yenyewe badala ya kusubiri kompyuta. Kunawezekana, ila tumia nyota (alama ya daraja, 1 hadi 5, unayoipa picha), usitumie kufuli.

Kufuli (alama ya ufunguo kwenye Canon) kazi yake ni kuzuia picha isifutwe kwa bahati mbaya. Photo Mechanic, programu ya kuchagulia picha kwenye kompyuta, inaitambua, lakini Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, haiisomi, kwa hiyo ukishaingiza picha 900 alama zako zote zimepotea. Na tahadhari: kufomati kadi (kuisafisha yote) hufuta hata picha zilizofungwa.

Nyota huandikwa ndani ya faili na Lightroom huzionyesha mara tu picha zinapoingia. Canon 5D Mark IV ina kitufe cha RATE: ukiangalia picha, bonyeza mara moja nyota 1, mara mbili nyota 2. Ukipitiliza 5 inarudi sifuri, jambo linaloudhi. Ndiyo maana nyota 1 peke yake inatosha: "hii naitazama tena". Kupanga daraja tano kwenye kioo kidogo, tena juani, ni kujidanganya. Ukali wa picha hauonekani vizuri pale.

Kwenye menyu ya kamera, weka gurudumu kuu liruke moja kwa moja hadi picha zenye nyota, ukague ulizochagua tu. Kwa Nikon, picha iliyofungwa haipokei nyota, iondolee kufuli kwanza.

Weka alama kabla ya kuhamisha picha kwenye kompyuta. Nyota utakayoongeza kwenye kadi baadaye haitafika kwenye nakala iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta.