Waliowahi kulala nje Arusha na Moshi: tupeane uzoefu, nini kilikutoa barazani?

Wakuu, salaam.

Uwanja wa Olmoti unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, na aliyekaa Arusha anajua: mji ukisubiri wageni, wa kwanza kuondolewa ni wanaolala barazani. Gari linapita usiku, asubuhi hakuna hata boksi. Haupiti muda wamerudi. Naomba tusibishane kama ni wavivu au la. Aliyeyaishi aseme, yeye au ndugu yake: nini kilimtoa nje, na nini kilimrudisha?

Naanza mimi. Nauza chai na chapati karibu na soko la Kilombero. Vijana wanaobeba mizigo huniachia hela zao jioni, kila mmoja kazikunja kwenye kikaratasi chake kwa mkunjo anaoujua mwenyewe, maana akilala nazo wakubwa watamsachi. Asubuhi anakunywa chai, inayobaki ananiachia tena. Ukipita msako, hela zinabaki kwangu mwenyewe hayupo. Kuna kikaratasi cha mtoto mmoja ninacho mpaka leo, sijui walimshusha wapi. Inaniuma sana.

Fundi seremala, Ngarenaro

Pole mama. Mimi ni mmoja wao. Nilikuja Arusha juu ya lori la vitunguu kutoka Mang'ola, namkimbia baba wa kambo. Tulilala kwa mstari, wadogo katikati, viatu chini ya kichwa visije vikaibwa. Gundi niliianza Julai, na wasioijua baridi ya Arusha ya Julai wasitulaumu haraka. Ukivuta, njaa na baridi vyote vinakaa kimya.

Kukamatwa nimekamatwa. Walitupandisha gari wakatushusha mbali nje ya mji, tukarudi kwa miguu. Hakuna aliyetuuliza kwetu ni wapi.

Aliyenitoa ni kaka mmoja wa kituo cha watoto wa mitaani. Alikuwa anakuja jioni anakaa na sisi, hamchukui mtu. Alianza kwa kujua majina. Baadaye akanisafisha kidonda cha mguu kilichokuwa kinanuka mpaka wenzangu wananikwepa. Kwenda kituoni niliomba mwenyewe. Na hawakunirudisha kwa mama, kwa sababu yule mzee alikuwa bado yupo pale. Walimtafuta bibi mzaa mama. Wenzangu waliorudishwa nyumba ileile waliyoikimbia, wengi tulikutana tena stendi.

Mstaafu wa ustawi wa jamii, Moshi

Kijana kasema kweli tupu. Nauli ya kumrudisha mtoto kwao inapatikana. Isiyopatikana ni hela ya kwenda kumwangalia tena baada ya mwezi, kujua kama anakula na kama anapigwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliyemo kwenye eneo lake, kwa hiyo "huyu si wa kwetu, katoka Singida" si jibu. Hapa Moshi kituo cha Amani kimepokea watoto wa mitaani tangu 2001, na kazi kubwa ni hiyohiyo ya kuzijua familia.

Mwanasheria, Njiro

Wengi hawajui kwamba hoja hii ya kuwakamata watu kwa kulala nje imeshatolewa maoni hapahapa mjini kwetu. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na nchi zenye sheria hizo zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Ombi lilipelekwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ni maoni ya ushauri, si hukumu dhidi ya nchi fulani, lakini yana uzito. Mizizi ya sheria hizi ni Uingereza ya mwaka 1824. Sisi tulizirithi kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176 na 177.

Dada wa Majengo, Moshi

Mbona mnazungumzia watoto tu? Kaka yangu ni mtu mzima, alilala maeneo ya Mbuyuni kwa muda mrefu. Pombe, halafu kichwa kikachanganyikiwa. Vituo vyote nilivyouliza waliniambia wao ni wa watoto. Chumba kilipopatikana, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu anayeokota chupa ataitoa wapi? Tulichanga ndugu wote. Alipokuwa na mlango wa kufunga ndipo akakubali kwenda kliniki na kumeza dawa. Kabla ya hapo dawa zilikuwa zinaibwa pamoja na mfuko wake.

Mchaga niliyesoma Finland

Dada, kwenu mmefanya kile Finland ilichokifanya sera mwaka 2008: mtu anapewa nyumba kwanza na mkataba wake, matibabu na ushauri vinafuata. Helsinki bweni moja la Jeshi la Wokovu lenye vitanda 250 hivi liligeuzwa fleti zipatazo 80. Wana hela, najua. Lakini kodi ya miezi sita ya chumba kimoja Majengo si hela ya Ulaya.

Bodaboda, Sakina

Naombeni msaada. Kuna binti ana kichanga, analala kwenye kibaraza cha duka tunapopaki. Nianzie wapi?

Mstaafu wa ustawi wa jamii, Moshi

Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Wakati huohuo mwone mwenyekiti wa mtaa akupeleke kwa afisa ustawi. Akisema kuna mtu anamtisha, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ila kwanza muulize yeye mwenyewe anataka nini, na umtafutie uji.

Bodaboda, Sakina

Mrejesho: nimepiga, wamepokea. Uji kanywa. Anasema ana shangazi Usa River ila anaogopa kwenda peke yake. Kesho asubuhi naenda na mke wangu kumtafuta huyo shangazi.