Naomba ushauri: kupanga sauti kwenye Yamaha PSR-S970

Habari zenu wakuu. Napiga kinanda kanisani, Yamaha PSR-S970. Vitufe vya rejistresheni (vya kuita sauti na mipangilio niliyohifadhi) ni 8 kwa kila benki, yaani kila seti ya mipangilio hiyo, na benki zenyewe nazihifadhi kwenye flashi. Sasa zimekuwa nyingi mno: piano na vayolini za kuabudu, tarumbeta za mapambio, magitaa ya sebene, na kila kwaya ina zake. Mwalimu akibadilisha wimbo ghafla, nahangaika kutafuta benki huku waimbaji wanasubiri. Inaniumiza sana, maana ibada inapoa.

Nyie mnapanga kwa kwaya au kwa aina ya mapigo? Naona kitufe cha 1 kiwe piano kwenye kila benki, mkono uzoee. Pia anayetumia Freeze ili midundo na tempo visiguswe anapobadili sauti, naomba anielekeze alivyoiseti.