Chebet 13:58.06 au Kipyegon 3:48.68, rekodi ipi kubwa zaidi?

Mtimkaji
Wakuu salaam. Najua wengi mlikesha usiku wa kuamkia leo kuangalia mashindano ya riadha ya Prefontaine Classic, na kama ulilala basi pole sana maana akina dada wa Kenya wamevunja rekodi mbili za dunia uwanja mmoja siku moja, Hayward Field kule Eugene, Marekani, Jumamosi tarehe 5 Julai 2025. Alianza Beatrice Chebet mita 5000, 13:58.06, akafuta ile ya Gudaf Tsegay wa Ethiopia ya 14:00.21 ya Septemba 2023 ambayo nayo iliwekwa hapo hapo Eugene. Hata hatujakaa sawa Faith Kipyegon akaingia 1500 akatoka na 3:48.68, rekodi ilikuwa yake mwenyewe, 3:49.04 ya Paris mwaka jana.

Sasa swali langu, ukiambiwa uchague moja tu ndiyo iandikwe kwa wino mzito, unachukua ipi? Mimi Chebet bila kusita. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya dakika 14 uwanjani, na huyu huyu ndiye wa kwanza kushuka chini ya dakika 29 kwenye mita 10,000 (28:54.14, Mei 2024, Eugene tena). Halafu kapunguza sekunde 2.15, Faith kapunguza 0.36. Karibuni mniambie.

Nandi_Hills
Boss umeanza vizuri ukaharibu hapo mwisho, huwezi linganisha sekunde mbili za 5000 na sekunde za 1500 kama ni kitu kimoja. Angalia historia kwanza. Rekodi ya 1500 ya wanawake mwaka 1993 ilikuwa 3:50.46 ya Qu Yunxia wa China, ikakaa hapo miaka 22 mizima hadi Genzebe Dibaba akaifikisha 3:50.07 Monaco 2015, halafu ikalala tena hadi Faith alipokuja Florence Juni 2023 na 3:49.11. Yaani tangu 1993 mpaka usiku wa jana imeshuka sekunde 1.78 tu, miaka 32! Sasa chukua 5000. Tirunesh Dibaba 14:11.15 mwaka 2008, Gidey 14:06.62 mwaka 2020, Faith mwenyewe 14:05.20 Paris 2023, Tsegay 14:00.21, sasa Chebet. Sekunde 13 ndani ya miaka 17. Moja ni mwamba, nyingine imekuwa ikishuka kila mtu akiamka vizuri. Na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine duniani aliyewahi kukimbia 1500 chini ya 3:50, ni Faith peke yake na ameshafanya mara kadhaa. Mimi ni Faith.

Saa_Mkononi
Ngojeni niwapigie hesabu kidogo. Kwa asilimia Chebet kaishusha rekodi kama 0.26, Kipyegon kama 0.16. Kwa hiyo hata ukipima kwa asilimia Chebet bado yuko mbele, ila pengo si kubwa kama 2.15 dhidi ya 0.36 inavyoonekana.

Kwa mzunguko wa mita 400 sasa: Chebet wastani wake ni sekunde 67.04, mara kumi na mbili na nusu. Kipyegon 60.98, mara tatu na mita 300 juu. Mnielewe hizo namba maana yake nini. Mimi shuleni nilikuwa nakimbia 400 ya inter-house, mzunguko mmoja kwa 67 ulikuwa unatosha kuniweka kwenye fainali na nikimaliza nalala kwenye majani mikono imekufa ganzi. Chebet anamaliza mzunguko wa kwanza kwa spidi hiyo anaendelea, wa pili, wa tano, wa tisa, kisha mwishoni anaongeza mwendo.

tartani_nyekundu
Mtimkaji hiyo hoja ya dakika 14 naona unaipa uzito kuliko inavyostahili, Chebet alishashuka chini ya 14 Barcelona tarehe 31 Desemba 2024, kilomita 5 za barabarani, 13:54. Kwa hiyo kwenye kichwa chake huo ukuta ulishaanguka miezi sita iliyopita. Pia Roma mwezi uliopita alikimbia 14:03.69 tukaona wazi kwamba inakuja. Za Faith hazitabiriki hivyo, maana anapambana na rekodi yake mwenyewe ambayo tayari iko juu ya kila mtu.

Mtimkaji
@tartani_nyekundu barabara ni barabara mkuu, kule ni kilomita 5 na kona zake, uwanjani unazunguka mara kumi na mbili na nusu na saa inakutazama kila mzunguko. Hata vitabu vya rekodi vinatenganisha. Mimi nasema uwanjani, na uwanjani hakuna aliyewahi.

Mzee_wa_Karatu
Vijana hamjambo. Nimesoma yote, mnabishana vizuri ila naona mnapima saa tu, hampimi mbio. Sisi tuliokua na redio tulipima mbio. Filbert Bayi wa kwetu hapa alipovunja rekodi ya dunia ya 1500 Christchurch Februari 1974 kwa 3:32.16, hakuwa na mtu wa kumvutia peisi (wa kutangulia kumwekea mwendo), alitoka mbele tangu bunduki na akabaki mbele hadi utepe, na John Walker wa New Zealand anamfukuza nyuma yake kwa 3:32.52, naye akawa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun na bado akashindwa. Ile fainali haizeeki, kwa sababu kulikuwa na mtu anafukuza.

Kwa hiyo kura yangu inaenda kwa binti wa 5000. Ile ilikuwa vita. Agnes Ngetich, Mkenya mwenzake, anavuta mbele, Tsegay mwenye rekodi yumo humo humo ndani, mwishoni Chebet anawapita wote. Ngetich 14:01.29, Tsegay 14:04.41. Kipyegon alikimbia na taa tu, zile za pembeni ya uwanja zinazoonyesha mwendo wa rekodi, wa pili Diribe Welteji yuko 3:51.44, karibu sekunde tatu nyuma.

Nandi_Hills
Shikamoo mzee. Nakuheshimu na Bayi namheshimu, lakini hapo mimi naona kinyume kabisa. Kukimbia peke yako ndiyo ngumu zaidi. Chebet alikuwa na mgongo wa Ngetich wa kujificha upepo karibu hadi mwisho, Faith wawekaji kasi wakitoka hana mgongo wowote, hana mtu wa kumtisha, ni yeye na zile taa za kijani pembeni, na mita 300 za mwisho miguu inawaka. Kujituma bila mtu kukufukuza kunataka moyo wa aina yake.

Na mmesahau kitu kikubwa zaidi. Tarehe 26 Juni huyu mama alikuwa Paris, uwanja wa Charléty, anajaribu maili chini ya dakika 4, watu 13 wanamkinga upepo, akamaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Haikuhesabiwa kama rekodi kwa sababu ya hao wakinga upepo, wengi wao wanaume, na mpangilio wake lakini mwili ulishalipa. Siku tisa baadaye anavuka bahari anavunja rekodi halali. Siku tisa!!

Mzee_wa_Karatu
Marahaba. Hiyo ya siku tisa ni hoja nzito, siibishi.

Dada_Spaiki
Jamani mbona hakuna anayemzungumzia Ngetich kwa haki yake? Yeye ndiye aliyetengeneza ile mbio. Bila yeye kukaa mbele na kukataa mwendo ushuke, Tsegay angecheza mchezo wa kuvizia na tungeishia 14:05 hivi. 14:01.29 ni sekunde moja na kidogo nyuma ya rekodi iliyokuwepo asubuhi ile, ni mtu wa tatu kwa kasi kwenye historia yote ya 5000, na kwenye matokeo anaandikwa wa pili. Huyu ndiye aliyekimbia kilomita 10 Valencia Januari 2024 kwa 28:46, kwa hiyo uwezo anao. Mimi mkinilazimisha nachagua rekodi ya Chebet lakini nusu ya sifa naipeleka kwa Agnes.

Halafu kuhusu upepo @Nandi_Hills, kujificha kunasaidia kweli ila usisahau kuna gharama ya akili, unakaa nyuma ya mtu mwenye nguvu dakika 13 hujui kama atakuacha.

Saa_Mkononi
@Dada_Spaiki umesema kweli. Na kwa wale wanaodhani usiku ule ulikuwa wa rekodi mbili tu, tafuteni na ile mbio ya maili ya wanaume, Bowerman, Niels Laros kamshinda Yared Nuguse 3:45.94 kwa 3:45.95. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni mashindano ya mwaka haya.

pwani_mbio
Mimi naangalia tofauti. Rekodi itakayodumu ndiyo kubwa. Ya Chebet naona itavunjwa mapema, pengine na Chebet mwenyewe au Ngetich, maana sasa wameshaonana na wanajua inawezekana. Ya Faith, akistaafu yeye, sioni nani anaigusa, wanaomkaribia wako sekunde moja na nusu nyuma kwa rekodi zao bora na 1500 hiyo ni umbali mrefu. Kwa hiyo Faith.

Mtimkaji
@pwani_mbio hapo umenibana, ila sihami. Na tukiacha saa, je, wakikutana? Mashindano ya dunia Budapest 2023 Faith alichukua 5000, Chebet akawa wa tatu. Olimpiki ya Paris 2024 Chebet akachukua dhahabu 14:28.56, Faith wa pili 14:29.60. Kila mtu ana moja. Septemba hii ya 2025 kuna mashindano ya dunia Tokyo, hakuna taa, hakuna wa kuvuta peisi.

Dada_Spaiki
Wakiingia wote 5000 Tokyo, mwendo ukiwa wa polepole na mita 200 zimebaki, mimi simwekei mtu dau dhidi ya Faith.

Nandi_Hills
Na ukiwa mkali tangu kilomita ya tatu, mimi simwekei dhidi ya Chebet, na nimempigia Faith kura hapo juu. Ngetich akipata nafasi ya timu ataivuta kama jana.