Msaada: Msimamizi wa wanafunzi wa famasia wodini anapimwaje?

Mwalimu wa Dozi
Wakuu, habari za majukumu. Chuoni nimetupiwa kazi ya kutathmini wahadhiri wanaosimamia wanafunzi wetu wa mwaka wa nne hospitalini. Fomu tuliyonayo ni ileile ya darasani: anafika kwa wakati, anamaliza mada, slaidi zinasomeka. Wodini kuna slaidi gani? Matokeo yakirudi kila mtu ana tano kwa tano, hata yule anayeonekana siku ya kusaini madaftari ya mazoezi ya wanafunzi tu. Nianzie wapi?

Mtarajali Kanda ya Ziwa
Sisi hizo tano tuliziweka kwa woga, mkuu. Kundi la watu wanne, fomu anakusanya msimamizi mwenyewe, na maksi zetu bado anazo yeye. Nani athubutu? Kusanyeni fomu maksi zikishatoka, tena mchanganye makundi ya muhula mzima ndipo asomewe maoni.

Bi Mkubwa wa Dirishani
Mwanangu, fuatana na msimamizi kwenye raundi, ule mzunguko wa kuona wagonjwa wodini. Juzi hapa kwetu mwanafunzi alipendekeza dozi ya kawaida ya jentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, kwa mzee ambaye kreatinini yake imepanda, yaani figo hazifanyi kazi vizuri. Msimamizi hakumrekebisha. Akamuuliza, "Majibu ya figo ya jana umeyaona?" Kijana akafungua faili, kimya, kisha akaomba apige hesabu upya. Daktari akasubiri. Hicho ndicho cha kupima. Mwingine angetaja dozi yeye mwenyewe, raundi ikasonga, mtoto wa watu hajaambulia kitu. Na yale madaftari yapekue: ukikuta kurasa zote zimesainiwa siku moja, umepata jibu.

Kipimajoto
Natofautiana kidogo. Msimamizi anayebana hapendwi. Wetu alikuwa anatuuliza mbele ya madaktari kwa nini antibiotiki ya metronidazoli inazidisha nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tukamchukia kweli kweli. Maoni ya wakati ule yangemmaliza. Waulizeni waliopita mikononi mwake wakiwa kwenye ule mwaka wa utarajali, wa mafunzo kazini baada ya chuo, na manesi pia, maana wanajua nani hupanda wodini na nani huishia kupiga simu. Halafu mhadhiri mliyemjazia vipindi chuoni mnamlaumu nini asipoonekana hospitalini? Pimeni na mzigo mliompa.

Mwalimu wa Dozi
Nimewapata, shukrani. Bi Mkubwa, hiyo raundi nimtaarifu au nitokee tu?

Bi Mkubwa wa Dirishani
Mtaarifu, na muuguzi kiongozi wa wodi pia. Ila nenda zaidi ya mara moja, siku ya kwanza kila mtu anaigiza.